Kigae cha Ishirini na Tatu

"Kumi na sita, kumi na saba," alihesabu mzee Chumvi, akitambaa kwa magoti katikati ya ukumbi wa stesheni, huku abiria wakimkwepa kama gogo lililoanguka njiani.

Mlinzi alikuja akamsimamia kichwani. "Shikamoo, mzee. Umepoteza nini?"

"Marahaba. Sijapoteza, niliweka. Sogeza kiatu, mwanangu, umenikanyagia safu."

Mlinzi akamgeukia bibi aliyeketi kwenye benchi la karibu, amekumbatia kikapu na begi lililofungwa kwa kamba. Bibi hakungoja kuulizwa.

"Ni wangu," alisema. "Hana dawa. Mwache tu."

Walikuwa wameshuka hapo alfajiri, na treni ya kuunganisha ilikuwa ya saa kumi na moja jioni. Ndiyo tiketi yenyewe, rahisi kuliko zote: inakufikisha, lakini kwanza inakutupa mchana kutwa katika jiji usilojua mtu wala kitanda. Binti yao, kifungua mimba, aliyewaita wakamtembelee na kuwakatia tiketi hiyo, alikwisha kuomba radhi kwa simu mara tatu. Asubuhi walikwenda kwenye duka moja la ghorofa, na Bi Mkubwa akapanda ngazi zinazojiendesha mara saba, bure, mumewe akimshikia kikapu. Bi Mkubwa ndivyo mzee alivyomwita tangu harusini, ingawa hakuna mdogo aliyewahi kuthubutu. Sasa zamu yake ilikuwa imekwisha. Hii ilikuwa ya mzee.

Alikuwa fundi vigae mstaafu, na jina la Chumvi hakulipata jikoni. Ukimsikia akiisimulia sakafu hii, ilikuwa pana kiasi kwamba ndege akiingia kwa lango kuu hutua katikati apumzike. Ilikuwa imenyooka kiasi kwamba gololi waliyoiweka chini ilikaa siku tatu ikifikiri pa kwenda. Wajukuu walicheka, naye akacheka nao. Hayo hata mwenyewe hakuyaamini.

Moja tu aliliapia bila kutabasamu. Siku aliyozaliwa kifungua mimba, alisema, yeye alikuwa hapa, magoti chini, saruji imekwisha kukorogwa, na msimamizi ametangaza kwamba atakayeweka mwiko chini asirudi. Habari ililetwa na dereva wa lori aliyekuwa akitafuna muwa: mtoto wa kike, mama yake mzima. Kila kigae cha ukumbi kimechorwa jani moja, ncha yake ikitazama lango kuu. Kile alichokuwa nacho mkononi alikigeuza. Jani likatazama magharibi, nyumbani.

Bi Mkubwa hakuamini. Kaka yake aliapa kwamba siku hiyo hiyo alimwona shemeji yake uwanjani, shati kichwani, akishangilia mpira. Kwa miaka thelathini na minane neno hilo lilikaa kati yao kama kokoto ndani ya kiatu: halimzuii mtu kutembea, lakini anajua lilipo. Kila ugomvi, hata wa kifuniko cha sufuria, uliishia uwanjani.

"Ishirini," alisema mzee, na kichwa chake kikagonga ukuta.

Ukuta huo zamani haukuwepo. Safu ya mzee ilipita chini yake ikaendelea upande wa pili, na hapo pembeni palikuwa na mlango wenye picha ya mama na mtoto. Chumba cha kunyonyeshea. Mama wa usafi alikuwa anatoka na ndoo yake.

"Mzee, humu wanaume hawaingii."

"Hata fundi aliyeitandika sakafu?"

"Hata mwenye stesheni."

"Basi nitazamie wewe, binti yangu. Cha tatu kutoka ukutani. Kama jani lake lime..."

"Usimlishe maneno mtoto wa watu." Bi Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yao, hakuna aliyemsikia akija. "Utamwambia la kuona, naye ataliona. Nitaingia mwenyewe."

"Sakafu ina maji, mama, nimetoka kupiga deki sasa hivi. Usiteleze."

"Nimeishi na huyu miaka arobaini. Nitateleza leo?"

Mlango ukafungwa. Mzee Chumvi alibaki nje na kikapu, akivipangusa vidole vyake kwenye suruali kana kwamba vina saruji. Labda vigae vyake walikwisha kuving'oa wakaweka vipya. Labda alikosea kuhesabu. Kisha likamjia la kutisha zaidi: maishani mwake alikwisha kukoleza mengi mno, je, na hili alilikoleza? Alimtafuta yule dereva kichwani mwake. Akamwona. Akauona na muwa. Lakini gololi nayo aliiona vilevile, imekaa, inafikiri.

Mlango ulipofunguka alisimama haraka mno, magoti yakalia.

"Basi?" aliuliza.

"Basi nini?"

"Umeona nini?"

"Vigae."

"Na cha tatu?"

"Kiko kama wenzake. Jani na lango, jani na lango." Alichukua kikapu chake. "Kaka yangu nitamsalimia. Macho yake mazima."

Mzee akamfuata mkewe hadi benchini.

Bi Mkubwa hakukaa alipokuwa amekaa mwanzo. Alilizunguka benchi, akalipa lango kuu mgongo pamoja na watu wote na saa kubwa na vibao vya treni, akaketi akiutazama ukuta wa magharibi. Ukuta mtupu, rangi ya maziwa, usio hata na msumari. Akautazama kwa utulivu, mikono mapajani.

Hapo ndipo mzee alipoyaona. Kwenye gauni lake, pale magotini, yalikuwa madoa mawili ya maji, ya mviringo, sawasawa.

"Nini?" aliuliza Bi Mkubwa bila kugeuza kichwa.

"Hakuna."

"Basi keti. Unanizibia."

Mzee akaketi. Treni ilikuwa bado saa nzima, na yale madoa yalikuwa yanakauka polepole, kuanzia pembezoni.