Waliomlilia Maximilla
Dada yangu Maximilla alianza kuigiza mwaka 1965, kwenye jukwaa la ukumbi wa hapa Kisumu. Alikuwa malkia. Wiki nzima akatuagiza maji nyumbani kama watumishi wake, mpaka Mama akamwonyesha mwiko. Baadaye televisheni ya Nairobi ikamchukua, akawa kizee mwenye duka. Mama alimwona kwenye televisheni huko Milimani, katika nyumba ya mkubwa mmoja alikokuwa akipeleka mboga. Alirudi akicheka, kisha akaniuliza, "Jentrix, huyo mzee anaingiaje ndani ya mtoto wangu?"

Mwaka 1973 ikaja filamu. Bwana Walubengo, msimamizi kutoka Nairobi, pamoja na mwongozaji Mzungu, walimpa nafasi ya mwanamke anayezama ziwani. Angelala kwenye jeneza ufukweni Dunga, na wanawake wa pale wamlilie. Mama alikataa waziwazi. Kwetu Bungoma, alisema, mtu akishaliliwa ameenda, hawezi kurudi nyumbani kama aliyetoka sokoni. Maximilla akamwambia atakayeliliwa ni mwanamke wa kwenye filamu, si yeye. Mama akalegea.

"Basi wasitaje jina lako," alisema. "Hilo tu."

Nilikwenda naye kumbebea nguo. Lile jeneza lilikuwa jipya, linanuka vanishi. Na mambo yaliharibika hata kabla ya kuanza. Mama Seline, aliyewaongoza wenzake kulia, aliuliza marehemu anaitwa nani. Walubengo akapekua karatasi zake. Hana jina, akasema, ameandikwa tu mwanamke.

"Bwana, sisi hatulii mtu hana jina," Mama Seline akamjibu. "Tutaita nani? Hiyo itakuwa kelele tu."

Mzungu alitazama jua linavyoshuka, akaanza kufoka. Mimi ningewapa jina lolote, hata la paka wa jirani. Lakini dada yangu na kiburi chake! Alitaka kila kitu kiwe cha kweli. Akasema kutoka mle ndani ya jeneza, "Nililieni mimi. Maximilla."

Wakamlilia. "Maximilla yaye! Nyar Bungoma, binti wa Bungoma, umetuacha!" Machozi yalikuwa ya kweli, maana kila mmoja wao ana mtu wake aliyechukuliwa na ziwa. Nilishtuka kujikuta nami nalia, na kifua cha dada yangu hakipandi wala hakishuki. Kamera iliponyamaza, alichelewa kuamka. Wale wanawake waliondoka bila kumpa mkono.

Nilimwacha akinawa uso, nikakimbia nyumbani ili Mama asiisikie habari hiyo kwa watu. Nilichelewa. Muuza samaki mmoja alikuwa ameshamwambia. Mama alinifungulia mlango, akanivuta ndani, akafunga komeo nyuma yangu.

Haukupita muda tukasikia hodi.

"Nani?" Mama akauliza.

"Ni mimi, Mama. Maximilla."

"Maximilla wamemlilia leo. Wewe ni nani?"

Maximilla akacheka kidogo. "Mama, ile ilikuwa kazi. Fungua, nimechoka."

Maximilla akagonga tena, kwa nguvu zaidi, na kile kicheko kikamwishia. "Nilipokuwa mle ndani niliwasikia wakiniita, Mama, nikashindwa kufumbua macho. Naogopa. Nifungulie." Kisha akaanza kulia.

Nilishika komeo. Mama akaudaka mkono wangu. Hakuwa na hasira, alikuwa mama anayemtaka mtoto wake na kuogopa kilichorudi badala yake. Akaninong'oneza sikioni.

"Jentrix, wewe umelala na yeye kitanda moja tangu mdogo. Huyo analia kweli, ama ni kazi?"

Nilitaka kusema analia kweli. Nilisikiliza akilia pale nje, akiita Mama, Mama, na sikujua.