Kwaya ya Chumba cha Cherehani

"Dada, gavana ameomba kwaya yetu iimbe siku ya kuapishwa kwangu," alisema mdogo wa mshonaji, huku akijimiminia chai bila kukaribishwa. "Nimeshakubali."

Mkasi ulimponyoka mshonaji. "Kwaya ipi, we mtoto?"

"Hii yako. Amesoma habari zake miaka yote kwenye taarifa za polisi. Anasema hataki kurudi kwao kabla hajaisikia."

Huyo "mtoto" alikuwa na mvi, alikuwa amefungwa mara mbili kwa kudai uhuru, na wiki ijayo angekuwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi. Lakini dada mkubwa ni dada mkubwa, na huyu ndiye aliyemlea.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Hii ilikuwa ndefu kidogo, lakini nayo imefika mwisho. Kwaya hiyo haikuwahi kuwa kwaya. Mikutano ya siri ilifanyika humu humu, katikati ya vitambaa, na mshonaji alikaa kwenye cherehani dirishani. Akiona kofia ya askari, aliacha kushona na kuanzisha wimbo: "Fagia, mama, fagia, wageni wanakuja." Hapo kila mtu alijua la kufanya. Mpiga chapa aliyakalia makaratasi yake. Fundi viatu aliyasokomeza kwenye soksi. Mdogo wake aliyachomeka nyuma ya suruali, akashusha koti na kukunja mikono kifuani kama malaika. Kisha wote wakaimba kwa nguvu, kila mmoja kwa sauti aliyojaliwa, na wengine hawakujaliwa kitu.

Askari wakienda zao, wimbo ulikatwa papo hapo na siasa zikaendelea. Kwa hiyo ubeti wa pili haukuwahi kufikiwa. Mkuu wa polisi aliwahi kuuliza kwa nini kwaya haisongi mbele.

"Wazito, afande," mshonaji alimjibu. "Wa kwanza wenyewe bado haujawakaa."

Wimbo ulikuwa wa marehemu mumewe, seremala, aliyekamatwa akarudi ndani ya sanduku. Ubeti wa pili alimwimbia mkewe tu, jikoni, akisema wakati wake utafika. Tangu amzike, mshonaji hakuutia mdomoni. Sasa ilimpasa aufundishe, la sivyo mdogo wake angeaibika mbele ya dunia nzima siku ya kwanza kazini. Hilo lilimnyima usingizi.

Mazoezi yalikuwa vituko vitupu. Mpiga chapa, waziri wa fedha mtarajiwa, alikokota sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Fundi viatu, naye waziri mtarajiwa wa ujenzi, alidai anaimba vizuri ila wenzake wanamharibia.

"Na wewe?" mshonaji alimgeukia mdogo wake.

"Mimi ni mgeni rasmi, dada. Siimbi."

"Ungekuwa na haya, usingekubali."

Siku ikafika. Ukumbi wa halmashauri ulijaa mpaka watu wakaning'inia madirishani. Gavana alikaa safu ya mbele, mkalimani wake sikioni, mkuu wa polisi kando yake. Waziri mkuu alishakula kiapo, na sasa alisimama mbele ya kipaza sauti, miwani puani na hotuba mkononi, akisubiri kwaya imalize ili aanze. Mawaziri, ambao ndio kwaya yenyewe, walikaa nyuma yake, kila mmoja na mafaili yake, na mshonaji alisimama kando yao.

Mshonaji alipiga moyo konde. "Fagia, mama, fagia, wageni wanakuja..."

Waziri wa fedha akayakalia mafaili. Waziri wa ujenzi akainama, akasokomeza karatasi kwenye soksi. Na mheshimiwa waziri mkuu, mbele ya mabalozi na wapiga picha, akainua koti, akachomeka hotuba ya uhuru nyuma ya suruali, akakunja mikono kifuani na kuanza kuitikia.

Mshonaji aliona yote. Kicheko kilimpanda, akakizuia, kikamshinda. Wimbo ukakatika palepale ulipozoea kukatika. Akajua basi, ameshaharibu shughuli.

Waziri mkuu alitazama mikono yake mitupu. Akamtazama dada yake, kisha mkuu wa polisi, ambaye sasa alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Ndipo alipoangua kicheko, cha utotoni kile, cha kushika mbavu, na mawaziri nyuma yake wakaanza kuyachomoa makaratasi yao huku wakifuta machozi. Ukumbi mzima ulielewa. Hata gavana, baada ya kunong'onezwa, alicheka.

"Afande," waziri mkuu alisema, akiichomoa hotuba iliyokunjamana, "wewe kaa tu. Leo hatufichi kitu." Kisha akageuka. "Dada, shemeji alituachia na ubeti wa pili."

Aliposikia mumewe akitajwa, furaha na uchungu vilimjia mshonaji kwa pamoja. Halafu akaimba, peke yake kwanza, kwa sauti ya jikoni:

"Keti, mama, upumzike, wageni wamekwenda."

Kwaya ikadaka, vibaya, kila mtu na njia yake. Watu madirishani wakadaka pia. Mkalimani alimwinamia gavana kumfasiria maneno, na gavana, muungwana, akatafuta kofia yake.