Mkono wa Kushoto wa Musili

Jumanne moja ya mwaka 2001, saa kumi na mbili kasorobo jioni, Musili alikuwa ameketi jikoni kwake Mumbuni, mikono imezama katika beseni la maji ya chumvi. Asidi ya kiwanda cha betri ilikuwa imempasua viganja, na chumvi ndiyo dawa isiyo na foleni. Mkono wa kushoto ukaanza kutoa mapovu. Wa kulia ukatoa harufu ya maji ya mfereji yaliyotiwa dawa. Mkewe, Mumbua, alipopitisha kiberiti juu ya beseni, mapovu yakalia pu, pu.

Mumbua alikuwa mwalimu wa kemia. Alisema ni haidrojeni, akafungua dirisha, akafunika mkono wa kushoto kwa faneli na kupeleka mpira hadi chini ya sufuria. Muthokoi, mahindi yao yaliyokobolewa, uliiva kwa saa tatu, na saa zote hizo Musili hakuinuka.

Kilichomsumbua Mumbua ni rangi. Haidrojeni huwaka karibu bila rangi, na chumvi huipa manjano; hata mwanafunzi mvivu anajua. Moto wa mumewe ulikuwa buluu iliyopauka. Hiyo ni rangi ya risasi, madini aliyokuwa akiyeyusha kiwandani mwaka wa tisa sasa. Mumbua aliogopa, wala hakuficha.

"Baba Tracy, hiyo kitu imeingia kwa damu. Lazima wakutoe kwa tanuri."

Kesho yake walibeba beseni hadi kwa Ndambuki, daktari wa kiwanda. Aliutazama moto, akakubali kwamba ni risasi. Kisha akachukua fomu yake, akaisoma mbele na nyuma.

"Mwalimu, mimi nakubaliana na wewe," alisema. "Lakini hii fomu haina mahali pa moto."

Akaandika kwamba Musili ni mzima. Mzima akiacha kazi hupoteza kiinua mgongo chake chote, kwa hiyo Musili hakuacha. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kiwandani walisoma nusu ya kwanza.

Meneja aliposikia habari za moto huo, alimhamishia kantini apikie wafanyakazi, akampa kiti chenye mto na karai kubwa la maji ya chumvi. Siku ya tatu mapovu yakapungua, wali ukabaki mbichi. Meneja akaamua Musili awe tanurini asubuhi, ili mikono ipate nguvu, na kantini mchana. Mapovu yakarudi.

Sasa hawezi kutoa mikono kwenye karai mpaka mfanyakazi wa mwisho apakuliwe. Saa saba Mumbua hutoka shuleni, huja kumlisha kwa kijiko na kumfuta mdomo. Jiko liko nyuma ya kiti, Musili halioni.

"Mama Tracy, leo moto uko rangi gani?"

Mumbua huutazama ule moto wa buluu iliyopauka.

"Manjano," humjibu, na kuchota kijiko kingine.