Amri Moja ya Shivachi

Mwiko ulikwaruza sufuria kabla hakujapambazuka, na Kalondu akajua kwamba mjukuu wake hakulala. Wanza huukoroga uji mwenyewe siku anapokuwa na hofu tu.

"Leo ndio leo, shosho. Wakiikubali programu, wananiandika. Wakikataa, narudi kufulia watu nguo."

"Basi twende wote. Miguu bado ninayo."

Walitoka mtaani kwao, Lindi, wakavuka Ngong Road, wakashika njia ya Kawangware hadi kwenye zahanati ndogo ya akina mama. Njiani Wanza alimweleza taratibu, kama anayemlisha mtoto. Programu yake ingewatumia akina mama ujumbe siku ya chanjo ikikaribia. Aliiandika kwa Python, lugha ya kompyuta, lakini vipande vyake alivifunga pamoja kwa Maven, chombo cha watu wa lugha nyingine, Java.

"Wenzangu wananicheka. Eti nabeba kitunguu kimoja kwa mkokoteni."

"Na mkokoteni wa nini?"

"Kuna mzee Shivachi, anayetunza kompyuta za pale. Mfumo wao wa zamani ni wa Java, na anajua amri moja tu, ya Maven. Sikutaka kumsumbua na zingine."

Kalondu alimshika mkono.

Sista Musimbi, mkuu wa zahanati, aliwangoja mikono ameikunja. Shivachi akaandika amri yake polepole, kwa kidole kimoja. Kompyuta ikajibu kwamba kazi imefaulu. Akaufungua mzigo wa programu uliofungwa. Ulikuwa mtupu.

"Imefaulu kufanya nini?" Musimbi aliuliza.

Shivachi akasogeza kiti chake hadi mgongo ukaziba skrini.

"Sista, hebu tuachie dakika kumi." Musimbi alipotoka, mzee akamuuliza Wanza kwa sauti ya chini, "Jana uligusa nini, mama?"

"Nilipanga mafaili tu. Ya Python nikayatia kwenye folda inayoitwa java, yasizagae."

"Humo Maven hutafuta Java peke yake. Mengine huyaruka bila hata kukohoa. Mimi niliwahi kuweka fomu za kliniki humo, nikazitafuta siku mbili. Hamishia kwa folda ya resources, huko hubeba chochote."

Wanza akahamisha. Mzee akarudia amri yake ileile, na safari hii mzigo ukajaa. Walijaribu kwa namba ya Kalondu. Musimbi alipoingia, simu ya bibi ikalia ndani ya leso, na ujumbe ukamwambia kwamba mtoto wake ana chanjo kesho.

"Hongera, shosho," Musimbi alisema, akicheka kwa mara ya kwanza. Kisha akamgeukia Wanza. "Lakini Python na Maven, wapi na wapi?"

Wanza akainama. Kalondu ndiye aliyejibu. "Alisema hataki kumsumbua huyu mzee."

Shivachi alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Musimbi alimtazama, akamtazama msichana.

"Uanze Jumatatu."

Shivachi aliwasindikiza hadi barabarani. "Mama Kalondu," alisema, "huyu atakuja kwa sababu ya kazi. Wewe uje tu kututembelea. Usikawie."