Chumba cha Inamahoro

Telesphory dalali ana mdomo, hilo simnyimi. Ukimsikia kwenye simu akinadi chumba cha Ujiji utadhani anauza hoteli. Kila siku anarusha video, ana wafuasi mpaka Bujumbura na Uvira, na mwenyewe amejipachika jina la Tele Makazi. Mimi Marsiana, muuza dagaa wa Kibirizi na mpangaji wa uani hapa, nina jina langu ninalomwita, ila siwezi kulitamka mbele ya watu wenye heshima zao.

Nyumba yetu vyumba vyake vinatazamana. Kile cha pembeni kilikuwa wazi tangu mvua zianze, dari inavuja, ukuta umeota ukungu mpaka unanuka. Mwenye nyumba akampa Telesphory kazi ya kumtafutia mpangaji. Sasa hawa madalali wetu wana mtindo wao. Chumba kibaya hawakipigi video. Wanapiga kizuri cha jirani, mteja anakuja mbio, anatoa hela ya kuonyeshwa, na akifika anaambiwa kile kimechukuliwa asubuhi hii hii, lakini asijali, kipo kingine hapo hapo. Kwa kuwa amechoka kuzunguka na jua, anakubali. Na chumba kizuri uani kwetu kilikuwa cha Inamahoro.

Inamahoro ni fundi cherehani. Alivuka ziwa kutoka Rumonge, Burundi, na binti yake mmoja, Ndayikunda, akimkimbia mumewe anayeitwa Bonfils. Hakukimbia kipigo chake yeye, hicho alishakizoea, Mungu anisamehe kusema. Alikimbia siku Bonfils alipoushika mkono wa mtoto akaubandika kwenye jiko la mkaa kwa sababu amemwaga maziwa. Kwao ng'ombe wa mahari walishatolewa, na wazee wakamwambia mtoto ni wa ukoo wa baba, aache maneno. Ndipo akajificha huku kwetu. Hata kwenye harusi, kamera ikielekezwa upande wake, yeye anageuka ukutani. Raha yake ilikuwa kushona mapazia na vitambaa, akakipamba chumba kile mpaka nikamwonea wivu.

Telesphory alikuja siku ambayo mimi na Inamahoro tuko Kibirizi, tunasaidiana kuanika dagaa. Alipobisha, mtoto akamfungulia, maana alikuwa anamjua, kila mara yupo uani kwetu. Video ile niliiona, nami sitaisahau. Inaanzia barabarani, inapita duka la dawa, inaonyesha geti letu na rangi yake, halafu inaingia ndani kwenye mapazia na kitanda. Kitandani amekaa Ndayikunda, hana hata fulana, anatafuna muwa huku anacheka, na kovu la mkono wake lote liko nje. Telesphory anasema watu waone wenyewe, hata watoto wanapapenda.

Mpangaji mwenzetu ndiye aliyemwonyesha Inamahoro jioni ile.  Inamahoro alikaa chini sakafuni, akaniomba nimpeleke kwa huyo kijana.

Tulimkuta kijiweni kwao madalali. Inamahoro akapiga magoti, mama mzima, kwa mtoto wa juzi. Akamweleza yote, na pale Kiswahili kilipomshinda nikamsaidia mimi, kwa kuwa Kirundi na Kiha chetu vinasikilizana. Telesphory alisikiliza huku kidole kinatembea kwenye kioo cha simu. Akasema anatupa pole, lakini video imeshika kweli kweli, wateja wanapiga simu mfululizo, na akiifuta leo atakula nini. Ila kwa heshima yetu atamwekea mtoto kipicha cha ua usoni, asionekane. Tukarudi nyumbani. Ua lenyewe hakuliweka.

Tukapanga ahamie Simbo, kwa Catherine, mwimbaji mwenzake wa kwaya. Angeondoka kesho yake, lakini mtoto akashikwa na homa, anatapika, hawezi hata kusimama. Tukasema apate nafuu kidogo kwanza. Mizigo ilikuwa imeshafungwa, yamebaki mapazia tu.

Ilikuwa siku mtoto alipoanza kusimama tena, mchana kweupe, nasonga ugali. Nikamsikia Telesphory anapiga hodi kwa Inamahoro. Inamahoro akanyanyuka na hasira zake zote, akasema leo huyu ataifuta mbele yake, atake asitake. Akafungua mlango.

"Mama, nimekuletea mteja," Telesphory akasema. "Kile kingine amekikataa, anataka hiki cha kwenye video. Anaangalia tu mara moja."

Nyuma yake alisimama mwanaume mrefu, shati limenyooshwa. Alikuwa amelipa hela ya kuonyeshwa, amelipa na bodaboda, akaletwa mpaka mlangoni kwa adabu zote. Bonfils alivua viatu, akaingia, akatazama mapazia. Kisha akamwambia mtoto neno moja kwa Kirundi, "Ngwino." Yaani njoo.

Mtoto alijikojolea pale pale. Halafu akaenda.

Inamahoro akamrukia Bonfils. Mume akamsukuma, kichwa kikagonga kizingiti, damu ikamfunika jicho. Nilifika na mwiko wenye ugali wa moto nikamtandika nao mgongoni, na ningemtandika tena, lakini wanaume wa uani wakanishika mimi. Wakasema baba ni baba, ya mke na mume niyaache. Nimekaa nao miaka, wanakula dagaa wangu kwa mkopo, na siku ile mikono yao ilikuwa na nguvu ya kunishika mimi tu. Telesphory yeye bado kasimama mlangoni, anamuuliza Bonfils, anayetoka na mtoto, kama chumba hakichukui.

Tulipofika Kibirizi boti ilishaondoka. Wapagazi walisema wamemwona mtoto amekalishwa juu ya gunia la unga, halii, macho anayo kwenye maji.

Polisi waliandika. Ustawi wa jamii wakaandika. Wote wakauliza namba ya simu ya huyo mwanaume, waanzie hapo. Ile ya zamani aliyokuwa nayo Inamahoro haipatikani. Namba aliyopigia Bonfils kuulizia chumba ilikuwa sehemu moja tu, kwenye simu ya Telesphory, kwa hiyo tukarudi kijiweni, Inamahoro na bandeji yake kichwani.

Safari hii hakupiga magoti, hakuwa na nguvu. Wala hakuomba kurudishiwa mtoto. Alisema polisi watafanya yao, yeye anataka apige mara moja tu, amsikie Ndayikunda, ajue kama bado anapumua, kwa sababu homa ilikuwa haijaisha na dawa zilibaki mezani.

Telesphory akafuta kioo cha simu kwa shati lake. Akatutazama kama mtu mzima anayetaka kutufundisha kitu.

"Mama, kazi yangu ni uaminifu," akasema. "Namba ya mteja huwa sitoi kwa mtu. Hata polisi wakija, nitawaambia nimeshaifuta."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiha, kwa Kiswahili, nikamtukana na aliyemzaa, na watu wakajaa kutazama. Mmoja wao akatoa simu akaanza kunirekodi.

Inamahoro alinigusa bega ninyamaze. Akamwambia Telesphory asante, kama alivyozoea kumwambia kila mtu wa nchi hii, akajifunga kanga yake vizuri, tukaondoka.