Viti Vilivyohamia kwa Luhaga

Saa kumi na mbili kasorobo, jioni ya Jumamosi moja mwaka 1996, Nestory aliingia ukumbini Kirumba na mkewe Paskazia na binti yao Odeta, wamependeza kama wanaokwenda Komunio ya Kwanza. Nestory alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia nguo kwa miaka kumi na saba. Kadi ya mwaliko ilimtaka mfanyakazi aje na familia, akae kwenye namba yake, na asinyanyuke kabla ya mwisho. Mwishoni meneja angesoma majina ya wanaoondoka. Kiwanda kilikuwa kimeuzwa, na watu mia mbili na kumi na wawili wangepunguzwa. Ilisemekana watakaobaki wangechaguliwa kwa moyo wao, na moyo ungepimwa kwa makofi. Nestory alijizoeza nyumbani wiki nzima mpaka Paskazia akamfukuza jikoni.

Kundi la tamthilia ya muziki lilitoka Dar es Salaam na kinanda, taa za rangi na joho la Uchumi. Ubinafsishaji, kijana wa suti nyeupe, alishuka darini kwa kamba akiimba. Mzee Ruzuku alikohoa sehemu nzima ya kwanza, kisha akafa taratibu, naye akiimba. Nestory alishangilia kifo hicho kwa nguvu zote. Odeta alilia, maana Ruzuku ndiye pekee aliyemchekesha.

Sehemu ya pili ilipoanza, ng'ambo ya barabara mtu alianza kuimba Kisukuma. Alikuwa Luhaga, mlinzi wa geti la kiwanda aliyepunguzwa mwezi uliopita, manju, yaani kiongozi wa ngoma, wa Wagalu. Alikuwa na ngoma moja. Wimbo wake ulisema orodha ilichapwa tangu Pasaka, na kwamba geti ililopitia alilifungua yeye.

Usukumani, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani wa jadi, wakishindana kucheza ngoma hawana haja ya jaji. Watazamaji wenyewe huvuka uwanja kwenda kwa anayewavuta, na mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Lakini kadi zilikataza kunyanyuka. Basi viti vikaenda. Vilianza vya nyuma, vilivyo karibu na mlango, vikitembea kwa miguu yao minne na watu wameketi juu, vipochi mapajani. Bawabu alifungua na ubao wa pili wa mlango visikwaruze, akamkumbusha kila mtu asipoteze kadi yake. Wenyewe walikwenda shingo zimegeukia jukwaani, ionekane wazi kwamba hawajatoka kwenye namba zao.

Kiti cha Odeta kiliondoka, kikafuata cha Paskazia. Cha Nestory kiliponyanyua mguu mmoja, akaikumbatia nguzo iliyokuwa kando yake.

"Baba Odeta, achia nguzo," Paskazia alisema akipita.

"Tangulia na mtoto. Kuna kazi hapa. Halafu yule ni Mgalu. Mimi Mgika, baba yangu Mgika. Sivuki."

"Si unasikia anachosema?"

"Nasikia. Na anaimba vizuri, siwezi kukataa. Nenda, Mama Odeta."

Akabaki peke yake. Waigizaji walimaliza sehemu zote, hawakuruka hata ubeti. Nestory aliona aibu, mtu mzima kukumbatia nguzo, lakini kila wimbo ulipokwisha aliiachia kidogo, akapiga makofi, akairudia.

Venant, meneja, alipanda jukwaani na karatasi. Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliutazama ukumbi mtupu, akaweka sawa kipaza sauti.

"Shikamoo, mzee Nestory."

"Marahaba, bosi."

"Asante kwa kukaa mpaka mwisho. Wewe ni mfano wa kuigwa."

Kisha akasoma. Karatasi ilikuwa imeanza kugeuka njano. Majina yalichukua karibu nusu saa, na la Nestory lilikuja baada ya Ndaki na kabla ya Ngosha. Ratiba aliyopewa mlangoni ilionyesha kwamba baada ya majina ni makofi. Nestory akapiga makofi. Viganja vilimuuma, na moyo ulimuuma zaidi.

"Una swali, mzee?"

"Hapana, bosi."

Kiti chake kilikuwa bado kimenyanyua mguu. Alikibeba begani, asije mtu akasema amevutwa na Mgalu, akavuka barabara. Luhaga alisimamisha ngoma, watu wakasogeza viti vyao kumpa nafasi.

"Baba, wamekutaja?" Odeta aliuliza.

"Wamenitaja."

"Ukafanyaje?"

"Nikapiga makofi."

Paskazia alivishika viganja vyake, akavikuta vimevimba, akavipuliza.

Kufikia Jumatatu viti vilikuwa vimerudi ukumbini vyenyewe, safu kwa safu. Kwenye ubao wa matangazo getini palibandikwa orodha ileile, na chini yake shukrani za uongozi kwa wote waliohudhuria. Nestory alilitafuta jina lake, akalikuta limechapwa vizuri, bila kosa hata moja.