Sauti Iliyobaki kwenye Kompyuta

Walipomaliza kumtolea marehemu babu sadaka ya Chuseok, sikukuu ya mavuno ya Korea, wanaume walilikunja pazia la mbao lililosimamishwa mbele ya televisheni, wakakaa kwenye matakia na kuomba matunda. Hawakumwomba mtu kwa jina. Waliomba hewani tu, kama miaka yote, na kule jikoni mama yake Gyuri akaacha vyombo, akaanza kumenya mapeasi.

Gyuri alimwona kupitia mlango. Tangu jana alfajiri mama hajakaa. Amekaanga samaki, amefinyanga vitumbua vya mchele, amepanga meza, ameosha, yote kwa ajili ya baba wa mumewe. Baba yake mwenyewe alilala makaburini Gunsan, na sikukuu hii, kama zilizopita, yeye angetembelewa siku nyingine, nafasi ikipatikana.

Ndiyo maana Gyuri alikuja na kompyuta yake kutoka Seoul. Kanda ya harusi ya wazazi wake alikuwa ameipeleka dukani ikahamishiwa kwenye kompyuta, na mle ndani, kwa kitambo kifupi, babu wa Gunsan alikuwa bado anatembea na kuongea. Mama hakuwa amemwona hivyo tangu mashine ya kanda ilipokufa. Kwenye kioo kidogo cha simu macho yake hayaoni vizuri.

"Nitamwona kwenye ile televisheni kubwa ya Baba Mkubwa," alikuwa amemwambia Gyuri, kwa furaha ya mtoto aliyeahidiwa safari.

Baba Mkubwa Seungpyo, mwenye nyumba na mwenye rimoti, alinyoosha miguu.

"Haya, msomi wetu, tuonyeshe. Au chuoni hawafundishi kuchomeka waya?"

Watu wakacheka. Gyuri, ambaye kuona haya kulikuwa ugonjwa wake, alisikia masikio yanawaka. Alichomeka waya nyuma ya televisheni. Ikaja mieleka. Akabonyeza rimoti, ikaja buluu tupu. Akahamishia waya kwenye tundu la pili, na mara kila kilichokuwa kwenye kompyuta kikaonekana pale mbele, kikubwa kama dirisha. Ukumbi wa harusi ukafunguka na maua yake. Sauti tu ndiyo iliyogoma kuhama. Iliendelea kutokea kwenye kompyuta, mapajani mwake.

"Mbona kama mbu kwenye chupa?" Baba Mkubwa aliuliza.

"Nitairekebisha. Ngoja kwanza nimwite Mama."

"Mama yako ana kazi. Na huo ni upande wa bibi harusi, nani anawajua hao? Ruka hapo, nenda kwa Mzee."

"Ni kidogo tu, Baba Mkubwa…"

"Ruka, binti. Leo siku ya Mzee wa nyumba hii."

Gyuri alimtazama baba yake. Baba alikuwa anaichunguza soksi yake kana kwamba ameiona leo. Basi kidole cha Gyuri, kilichozoea kutii, kikaruka. Alijichukia papo hapo. Mzee wa nyumba akatokea na kanzu yake ya hariri, watu wakapiga makofi.

Ndipo kwenye pembe ya televisheni ukachomoza ujumbe. Gyuri alikuwa amesahau kufunga meseji zake.

*Mama: Babu ametokea? Ukiniandikia nitachungulia mlangoni. Usiniite kwa sauti, wataona nimeacha vyombo.*

Kabla hajakishika kipanya cha kompyuta, ukaja mwingine.

*Mama: Miwani nimeshavaa.*

Sebule nzima ilisoma. Bibi, mjane wa Mzee, alikuwa wa mwisho kusoma, midomo ikimcheza.

"Zima hayo mameseji!" Baba Mkubwa alifoka. "Mambo ya jikoni yanaletwaje sebuleni?"

"Yanaletwa kwa sababu nyinyi hamwendi huko," Gyuri alisema.

Neno lilishatoka, na mengine yakalifuata.

"Samaki mliyekula kamkaanga nani? Mzee wenu mmemtambikia kwa mikono ya Mama. Halafu aliyemzaa Mama, mnaniambia nimruke? Sasa siruki. Mama! Mama, njoo!"

"Unanipigia kelele mimi? Donguk, unamsikia mwanao?"

Baba yake Gyuri aliiacha soksi. "Nimemsikia, kaka," alisema. Akajisogeza sakafuni, akaligonga takia lake kwa kiganja. "Mama Gyuri, kaa hapa."

Mama alikuja na glavu za kuoshea vyombo mikononi, miwani ikiwa na ukungu wa mvuke. Hakukaa vizuri, alikaa ukingoni, kama mgeni. Gyuri akarudisha nyuma. Babu wa Gunsan akaijaza televisheni, mrefu, suti imemzidi mabega, akiwainamia wakwe. Mdomo ulikuwa pale mbele, sauti ilikuwa mapajani, kwa hiyo mama aliinama mpaka sikio likagusa kompyuta.

"Huyu wangu anapenda usingizi," babu alikuwa anasema, akicheka kwa haya. "Mkimwona amechoka, tafadhali mwacheni alale."

Mama hakuinua kichwa.

"Basi rekebisha sauti," Baba Mkubwa alisema, kwa upole ambao hakuja nao. "Na sisi tusikie."

Gyuri alijua pa kubofya. Hakubofya.

"Rudia," mama alinong'ona.

Akarudia. Mapeasi yalibaki jikoni nusu yamemenywa, yakigeuka rangi, na hakuna aliyethubutu kuyaulizia.